Nyumba ya vyumba vitatu ku L'shi (Lubumbashi, Kongo), nijenge namna gani isinimalize feza?

Papa_wa_Bane:
Jambo bajama. Niko na parsele (kiwanja) ya meta 15 kwa 25 kule nyuma ya Ruashi, ninataka kutupa fondasio mbele mvua ya mwezi wa 11 haiyaanza. Tuko batu sita, mi na mama na watoto bane. Leo tunapanga mu nyumba ya mabati matupu, hakuna plafo (dari), mwezi wa 10 saa nane uko unaiva kama muhogo, mwezi wa 6 usiku watoto banalala na masweta. Sitaki kurudia ile. Shemeji yangu alinichorea nyumba ya umbo la L na madirisha makubwa makubwa ya kuangalia barabara, njo mutindo, anasema. Barabara iko upande jua linazamia. Tena kuran (umeme) munajua vile iko, delestaje, kukatwa-katwa, kila siku, kwa hiyo klimatizere (mashini ya kupoza hewa) sahau. Nianzie wapi?

Maso_Katuba:
Papa, mi ni maso (mwashi), na hiyo L inanipatia kazi nyingi kwa hiyo sikatai hahaha. Lakini piga hesabu. Nyumba ya 8 kwa 10 ni meta 80 za mraba, kuta za inje ukizizunguka unapata meta 36. L ya meta 80 ileile, chukua 12 kwa 10 ukate kona ya 8 kwa 5, unazunguka meta 44. Hizo 8 za zaidi kwa urefu wa meta 3 ni meta 24 za mraba za ukuta, na fondasio yake, na plasta ndani na inje, na ile kona ya paa ambamo maji itaingilia, utaniita tu. Jenga sanduku, hiyo feza weka kwa plafo.

Yaya_Kampemba:
Maso amesema kweli ila kitu kikubwa ni jua, na huku kwetu jua si kama vile batu banafikiri. Tuko kusini ya ekweta, kama digri 11 na nusu. Mwezi wa 6 saa sita ya mchana jua linakuwa upande wa kaskazini, limeinama. Kuanzia mwisho wa mwezi wa 10 linakuwa juu ya kichwa, kisha linapita kidogo kusini mpaka mwezi wa 2. Sasa ukiweka madirisha ya salo (sebule) na ya vyumba kaskazini, na paa litoke inje sentimeta 60 hivi, wakati wa joto kivuli kinafunika dirisha lote, wakati wa baridi jua linaingia ndani bila kulipa SNEL (kampuni ya umeme) hata franga moja. Lakini magharibi! Jua la saa kumi linakuja chini chini, hakuna paa linaweza kulizuia, linapiga ukuta na ukuta unakuja kukurudishia ile joto usiku wakati munalala. Kwa hiyo geuza nyumba, ile ndefu ifuate mashariki na magharibi, upande wa barabara weka barza na mulango, dirisha moja dogo, na mupera ao muti wa avoka mbele. Wageni batakuja tu, hakuna mutu anaachaga kuingia sababu dirisha ni dogo.

Mama_Mapasa:
Plafo usiache hata kama ni ya bei ndogo, na pale juu acha matundu pande mbili ili ile hewa ya moto chini ya mabati itoke (weka nyavu, panya na popo banapenda kule). Jikoni iwe inje ao iwe na mulango wake. Na tafazali, baridi ya mwezi wa 6 musiingize mbabula (jiko ya makaa) mu chumba ya kulala mukafunga madirisha, moshi ya makaa usiyoiona njo inaua batu bamelala.

Papa_wa_Bane:
Aksanti sana yaya, nilikuwa sijawaza kabisa mambo ya kaskazini. Maso, na matofali? Moja ananiambia ya kuchoma, mwingine ya kufinya na mashini.

Maso_Katuba:
Ya kuchoma ni mazuri, udongo wa kichuguu tuko nao, ila kuni zinatoka mbali siku hizi na pori limeisha, njo maana bei inapanda. Ya kufinya hayachomwi, unachanganya udongo na sima (simenti) kidogo, 5 mpaka 8 kwa mia, kisha unayafunika kwa kivuli na kuyamwangia maji juma nzima. Batu banayaanika kwa jua siku mbili kisha banalalamika yanavunjika. Mbele ya kulipa mashini, tia udongo wako nusu chupa, jaza maji, tingisha, acha mpaka kesho. Mchanga unakaa chini, udongo laini juu. Kama ule laini njo mwingi, na kichuguu mara nyingi ni hivyo, ongeza mchanga.

Papa_wa_Bane:
Chupa iko juu ya meza tangu jana, watoto banakatazwa kuigusa. Vijiti na kamba za kupimia nyumba nimezigeuza leo asubui, shemeji alipita akaangalia, hakusema kitu, akaomba tu maji ya kunywa.