Je, miezi ya Korona inahesabiwa katika pensheni?

Mkaazi wa Barani, Malindi

Assalaam alaykum. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa mambo ya pensheni. Shangazi yangu alifanya kazi ya usafi katika hospitali moja ya umma kuanzia Aprili 2020 hadi kafyu ilipoondolewa Oktoba 2021. Alichukuliwa kama kibarua wa kulipwa kwa siku, na kazi yake ilikuwa kupiga deki wadi ya waliotengwa, kuloweka mashuka katika maji ya klorini na kubeba taka hadi kwenye tanuri la kuchomea. Kwa kuwa mwanzoni kafyu ilianza saa moja jioni, naye alikuwa akitoka zamu usiku, alipewa barua yenye muhuri inayomtaja kuwa mtumishi wa huduma muhimu, ili polisi wampishe njiani. Barua hiyo anayo hadi leo.

Juzi jamaa yetu anayeishi New York alitueleza kwamba huko kumekuwa na pendekezo la kuwaongezea watumishi wa umma waliokuwa kazini wakati wa janga muda wa utumishi utakaohesabiwa wanapostaafu. Je, Kenya ina utaratibu wa aina hiyo? Na ikiwa hauna, shangazi anaweza kudai nini kwa miezi ile?

Mstaafu wa Mkomani, Lamu

Mfikishie shangazi salamu na pole zetu. Nilifanya kazi ya kuandaa mafaili ya wastaafu kwa miaka mingi, kwa hiyo nitajibu kwa hesabu.

Kenya haina sheria inayoongeza muda wa utumishi kwa sababu ya Korona. Wahudumu wa afya walipewa posho ya muda, na posho haiingii katika pensheni. Hao wa New York wana mfano wa kuigiza: kule, mtumishi wa umma aliyewahi kuwa jeshini anaruhusiwa kununua hadi miaka 3 ya utumishi wake wa kijeshi, kwa kulipa asilimia ndogo ya mshahara wake kwa kila mwaka anaoununua, na miaka hiyo ikaunganishwa na ile ya kazi ya kiraia. Kutoka hapo hadi kusema kwamba aliyekesha wadini mwaka 2020 naye alikuwa vitani si mbali.

Sasa tazama jambo hilo lingemfaa nani hapa kwetu. Chini ya Sheria ya Pensheni ya zamani, mtumishi huhesabiwa sehemu moja ya 480 ya mshahara wake wa msingi wa mwisho kwa kila mwezi aliotumikia. Muuguzi mwenye miaka 25 ana miezi 300. Ikiwa mshahara wake wa msingi ni shilingi 60,000, pensheni yake kamili ni shilingi 37,500 kwa mwezi, kabla hajachukua robo yake kama malipo ya mkupuo. Mwongezee miezi 18 ya Korona, naye atapata shilingi 2,250 zaidi kila mwezi maisha yake yote. Si haba.

Lakini tangu tarehe 1 Januari 2021 watumishi wa serikali kuu waliokuwa chini ya miaka 45 wamehamishiwa mpango wa michango, ambamo mtumishi alianza kwa kukatwa asilimia 2, ikapanda hadi 5, kisha 7.5, na serikali ikiweka asilimia 15. Katika mpango huo mwezi wa nyongeza hauna maana yoyote mpaka mtu atie fedha katika akaunti. Kwa mshahara ule ule, miezi 18 kwa viwango kamili ni shilingi 243,000 kwa kila mtumishi, za kutolewa taslimu leo, si za kuahidiwa mbele. Ndiyo maana sitarajii Hazina ilikimbilie wazo hilo.

Muuguzi wa Mokowe

Nakubaliana na hesabu za mzee wangu, ila naona tunaanzia juu ya paa. Wengi wetu tulioingizwa kazini mwaka 2020 chini ya mpango wa afya kwa wote tulikuwa na mikataba ya miaka 3, bila pensheni. Ni wenzetu hao waliopiga kambi nje ya Afya House, makao makuu ya Wizara ya Afya, Nairobi, mwaka 2025 wakidai ajira ya kudumu na kiinua mgongo chao. Hata walioajiriwa na kaunti kwa masharti ya kudumu hawako salama kabisa, maana kaunti nyingi zimekuwa zikikata michango kwenye mishahara na kukaa bila kuipeleka kwenye mifuko, hadi madeni yakafika mabilioni ya shilingi.

Kwa hiyo nyongeza ikipitishwa kesho, atakayefaidi kwanza ni ofisa mwenye pensheni nono, pengine aliyeketi ofisini wakati sisi tukivuka na mgonjwa kwa boti usiku. Mimi ningetaka miezi ile ihesabiwe mara moja kwa kila aliyekuwepo, ndipo tuzungumze juu ya kuihesabu mara mbili.

Mkaazi wa Barani, Malindi

Ahsanteni sana. Hapo ndipo penye tatizo letu, kwa sababu shangazi hakuwa hata na mkataba. Jina lake lilikuwa katika daftari la zamu tu, akitia sahihi asubuhi na jioni. Je, sheria inamwona kibarua daima, hata baada ya mwaka na nusu?

Karani wa mishahara, Malindi

La, haimwoni hivyo. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kwamba kibarua akifanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, au akipewa kazi isiyotarajiwa kumalizika ndani ya miezi 3, huhesabiwa kuwa yuko katika ajira ya mkataba wa mwezi, pamoja na haki zake. Miongoni mwa haki hizo ni malipo ya utumishi kwa kila mwaka aliofanya kazi, isipokuwa awe mwanachama wa NSSF au mfuko mwingine wa uzeeni. Mwajiri alipaswa kutimiza moja kati ya hayo mawili. Kuyakwepa yote hakuruhusiwi.

Kwa bahati mbaya, madai ya ajira hufikishwa mahakamani ndani ya miaka 3, na kwa kazi iliyokwisha Oktoba 2021 muda huo umepita. Kwa hiyo nisingemshauri shangazi atumie fedha zake kwa wakili. Aanzie NSSF, aombe taarifa ya michango yake, atazame kama miezi ile imo. Wakati huo mchango ulikuwa shilingi 200 za mfanyakazi na 200 za mwajiri, maana viwango vipya vilianza Februari 2023. Miezi 18 kamili ni shilingi 7,200 na faida yake. Ukizilinganisha na zile 243,000 alizozitaja Mstaafu utaona uchungu wa jambo lenyewe, lakini ni haki yake, na NSSF ina mamlaka ya kumdai mwajiri ambaye hakuwasilisha michango.

Mstaafu wa Mkomani, Lamu

Karani amenena vyema. Naongeza kwamba barua ile ya kafyu ni ushahidi mzuri, kwa kuwa ina tarehe, muhuri na jina la mwajiri, na ni mwajiri mwenyewe aliyeandika kwamba kazi yake ni muhimu. Toeni nakala, asimwachie mtu yeyote ile halisi, hata akiambiwa inapelekwa faili. Kisha aandike kwa hospitali kuomba nakala ya kurasa za daftari la zamu za miezi hiyo, na nakala ya ombi lake abaki nayo ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa. Afanye hivyo upesi, kwa sababu madaftari ya vibarua hayatunzwi kama mafaili ya waajiriwa, na nimeona mengi yakiishia katika tanuri lile lile.

Mkaazi wa Barani, Malindi

Nimeelewa. Jumatatu nitampeleka NSSF, na barua ya kwa hospitali nitaiandika leo usiku.