“Mrembo wetu” kwenye grupu ya kazi: utani au kesi?

Bi Kalamu
Kampuni ya kutoa mizigo bandarini, grupu ya WhatsApp ya ofisi nzima. Dada mmoja kaandika: makontena manne yamekwama, storeji (ada ya mzigo kukaa bandarini) inaanza Jumatano, nani anafuatilia? Jibu la kwanza: “Mrembo wetu kaamka vizuri leo.” Wakafuata wa kucheka. Kuhusu makontena, kimya. Swali: apeleke kwa meneja au aanike Facebook? Wanaojua ofisi na sheria, karibuni.

Kilindini Kwetu
Asianike. Akimtaja kwa jina huko nje, mshtakiwa huenda akawa yeye. Kwanza ahifadhi. Skrinshoti ioneshe nambari ya simu, si jina alilosevu, maana jina waweza kuandika lolote. Tarehe ionekane, na ujumbe wake wa makontena uwe juu yake, la sivyo ataambiwa alikuwa akijibiwa salamu. Kisha alitoe gumzo zima kwenda barua pepe yake binafsi, leo hii, kwa sababu mwandishi anaweza kufuta kwa wote na admini pia. Simu asiiuze wala kuisafisha: mahakamani rekodi ya kielektroniki huenda na hati ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya, na hati hiyo hueleza kifaa kilichotumika.

Halafu barua. Maneno yanukuliwe kama yalivyo. “Alinidhalilisha” peke yake humpa meneja nafasi ya kusema mmekosana tu. Na aombe nakala ya sera: Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, yamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na tamko la maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono. Ofisi nyingi hilo tamko halipo, na kutokuwepo kwake nako kuingie kwenye barua.

Mzee wa Makadara
Barua, hati, kifungu! Kwa neno “mrembo”? Sisi watu wa Pwani twataniana tangu jadi. Mkiondoa utani, ofisi itakuwa matanga. Mbona hao hao kina dada hutuandalia chai ya mkutano kwa roho safi na hawajalalamika?

Shoka Moja
Mzee wangu, utani una mwenyewe. Mtani hujulikana, na akikurushia, nawe wamrudishia. Hebu mwandikie meneja wako “kipenzi chetu kanyoa vizuri leo” tuone kama huo ni utani.

Feri ya Alfajiri
Mimi nimekwama hapo kwenye “roho safi”. Chai ya watu kumi na wanne haijipiki. Atatoka dakika ishirini kabla: birika, maziwa, kuosha vikombe vya jana. Akirudi na sinia, kazi za wiki zishagawanywa na za uwanjani zishakwenda. Kisha hukabidhiwa kalamu aandike kumbukumbu za mkutano, na anayeandika habishani, mkono umeshikwa. Mwisho wa mwaka fomu ya tathmini haina mstari wa chai wala wa kumbukumbu. Dawa ni zamu kwa herufi ya kwanza ya jina, ibandikwe mlangoni, meneja awemo. Asipokuwemo, wiki ya tatu sinia linarudi kwa kina dada.

Mzee wa Makadara
Kumimina chai ni adabu. Kwetu mdogo humhudumia mkubwa. Nyinyi mmelelewa wapi?

Feri ya Alfajiri
Kijana wa mafunzo ana miezi miwili ofisini na amekaa. Anayesimama ni karani wa miaka tisa. Mdogo hapo ni nani, Mzee?

Karani wa Usiku
Nyote mwazunguka. Pesa iko kwenye zamu za usiku bandarini, ovataimu na nauli. Na sheria yakataza wanawake kufanya kazi usiku, basi meneja afanyeje?

Kilindini Kwetu
Yakhe, hiyo ni sheria ya zamani, iliyofutwa na hii ya 2007. Ile “tunawalinda” ya mameneja ukiitafsiri kwenye hati ya mshahara ni ovataimu sifuri. Kifungu cha 5 chataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na mfanyakazi akidai ubaguzi, ni mwajiri anayetakiwa kuonesha haukuwepo.

Shoka Moja
Na huyo wa “mrembo” asijidhani salama kwa kuwa si bosi. Kifungu cha 6 chamgusa hata mfanyakazi mwenzako. Ni ile Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 inayotaka awe mwenye mamlaka, tena awe ameshikilia, si mara moja. Watu huchanganya hizi mbili, kesi ikaanguka.

Karani wa Usiku
Akimfuata mpaka inbox je? Faini si milioni tano?

Kilindini Kwetu
Hiyo iliwekewa habari za uongo. Kusumbua mtu mtandaoni, sheria ya makosa ya mtandao ya 2018, kifungu cha 27: hadi milioni 20 au miaka 10. Lakini kusambaza picha zake za faragha, kifungu cha 37, ni hadi laki mbili au miaka miwili. Nani alipanga mizani hiyo, sijui alikuwa anapima nini.

Mzee wa Makadara
Bado hamjanijibu nilelewe upya wapi.

Bi Kalamu
Mzee, hakuna aliyekuuliza hilo. Na yale makontena manne hata hapa hakuna aliyeyauliza.

Karani wa Usiku
Yamekwama wapi kwani?