Nimelifunga kopo langu la Lamu, na waliobomoa ukuta wa Bibi wajitokeze

Wanajamvi, leo sina salamu ndefu. Juzi nimelitoa lile kopo langu la mtaa wa Mkomani, Mji wa Kale wa Lamu, na kulifunga kabisa kwenye programu ya mchezo. Tangu jana naandikiwa ujumbe wa matusi, eti nimewavurugia safari, eti naua jiokeshi Lamu. Nisomeni mpaka mwisho kisha mniambie nani muuaji.

Kwa msioujua mchezo huu wa jiokeshi: unaficha kopo lenye karatasi ya kuandika majina, unaweka namba za GPS za mahali hapo, watu wanakuja na simu zao, wanalitafuta, wanasaini na kulirudisha palepale. Hela haimo. Raha yake ni kutafuta.

Langu lilikuwa kichupa kidogo chenye sumaku, urefu wa kidole gumba, limenata nyuma ya chuma cha dirisha la stoo kwenye kichochoro ambacho punda mwenye mzigo akipita, wewe unajibana ukutani. Nililiweka 2021. Sumaku nimeibadilisha mara mbili kwa kutu ya bahari, na karatasi kila masika. Kabla ya yote hayo nilikwenda kwa mwenye nyumba, nikaketi naye dakani, pale barazani mlangoni, nikamweleza mwanzo mpaka mwisho. Akaniuliza swali moja tu: "Watakuya usiku?" Nikamwambia hapana Bibi, mchana tu. Na nikaandika hivyo kwenye maelezo, Kiswahili na Kiingereza: mchana tu, kopo liko kwenye chuma, MSIGUSE UKUTA. Niliyasema hayo makusudi, maana mji wenu huu GPS haiuwezi. Kuta ndefu, njia nyembamba, mawimbi yanagonga ukuta huu yanarukia ule, simu inakwambia kopo liko nyumba ya tatu. Ndiyo maana nikawapa jibu karibu lote.

Wiki iliyopita Bibi akanipigia. Hakunijulia hali. "Mwanangu, ndoo utukue kopo lako." Yaani njoo ulichukue. Nikaenda mbio.

Nilichokikuta: chokaa imebanduliwa kwenye kimo cha goti, kipande cha ukubwa wa sinia. Mikwaruzo ya kisu au bisibisi, mipya, myeupe. Tumbawe zima, lile jiwe la kujengea ukuta, limeng'olewa na kutupwa mtaroni. Na ndani ya lile tundu, jamani, mtu kaweka kibati cha peremende chenye karatasi! Juu yake, kwenye nondo ya dirisha, kichupa cha dawa kimefungwa kwa selotepu. Kopo langu? Lilikuwa palepale kwenye chuma chake, kavu, halijaguswa. Kutoka kwenye tundu hadi pale nimepima kwa mkono: shubiri moja na nusu.

Kwenye programu nakuta wameandika hawakuliona kwa hiyo wameweka jipya, asante kwa mchezo. Na wamejihesabia wamelipata! Umepata nini wewe? Umekipata ulichokiweka mwenyewe. Hakuna anayeruhusiwa kuweka kopo badala ya mwenye kopo bila kumuuliza, na mimi ujumbe wangu hujibiwa siku hiyohiyo. Ukikosa, andika umekosa. Nami nimekosa mengi tu, Malindi nilizunguka siku mbili na kurudi mikono mitupu.

Hilo la ukuta bado si kubwa. Kubwa ni kwamba walikuja baada ya Isha, watu wawili wenye taa kichwani, wanakwangua chini ya dirisha ambalo ndani wamelala wanawake. Mjukuu wa Bibi akasikia, akapiga kelele, mtaa ukatoka. Hii ni Lamu. Nyumba ni sitara. Na tangu mashambulizi ya Mpeketoni, kaunti hiihii ya Lamu, 2014, na amri ya kutotoka usiku iliyofuata, mtu asiyejulikana akionekana gizani anaficha kitu ukutani, hakuna anayedhani ni mchezo. Wangeumizwa, au angeumizwa kijana wa watu aliyepita tu njia yake. Walionyesha simu, wakaondoka. Hata samahani hawakusema.

Mchezo huu ulianzia Marekani Mei 2000, huko Oregon, kwa ndoo iliyofukiwa nusu nje mashambani. Siku hizi hakuna kuchimba ardhi bila mwenye mahali kukubali, na hata usipochimba ruhusa yake ni sharti. Mji wa Kale umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, lakini hata usingekuwamo, ule ni ukuta wa mtu! Fundi ameniambia saruji haifai pale, inafungia unyevu na chumvi ndani mpaka matumbawe yenyewe yanamomonyoka. Lazima chokaa, na chokaa yataka kungoja ikauke. Nimemlipa mimi.

Wanaoniambia ningelisimamisha kwa muda tu: nilifikiri hivyo pia, usiku mzima. Lakini likifunguliwa tena, namba zilezile zitawaleta watu kwenye kichochoro kilekile, na neno langu kwa Bibi limeshavunjika mara moja. Rekodi zenu hazikufutika, mliolipata mmelipata. Zile mita 161 za kulizunguka kopo, ambamo hairuhusiwi kuweka kopo jingine, sasa ziko wazi kwa mwingine. Anayetaka aweke, ila abishe hodi kwanza, na si kwenye kichochoro kile.

Kibati cha peremende na kichupa cha dawa ninavyo. Mwandiko ninao. Wewe uliyeng'oa lile tumbawe, nitafute kwa ujumbe, ulipe pesa ya fundi, kisha nitakupeleka mwenyewe kwa Bibi ukamwombe radhi. Tutakwenda saa kumi, jua bado liko juu.