Video ya mgambo: niirushe au niitunze?

Jana asubuhi kituoni nimerekodi mgambo akimwaga beseni la nyanya la mama mmoja, kisha akamzaba kofi. Sekunde 40, sura yake inaonekana wazi. Wenzangu wanasema najitafutia balaa. Hivi kweli inasaidia?

Jibu: Inasaidia, ndugu yangu. Misri, mwaka 2006, wanablogu akiwemo Wael Abbas walisambaza video ya dereva wa basi dogo akiteswa kituo cha polisi. 2007 polisi wawili wakahukumiwa miaka 3. Lakini dereva naye alifungwa miezi 3 kabla yao, na hilo linaniuma.

Jibu: Muulize mama kwanza. Tunza nakala nzima. YouTube iliwahi kufunga akaunti ya Abbas.

Muulizaji: Nimetoka kwake. Kasema irushwe, ila nifiche sura ya mtoto aliyembeba mgongoni.