Kambamiti wanaelea ukingoni alfajiri, naombeni ushauri

Mkaa Mkokoni: Wakuu, nina bwawa la kambamiti huku Kisiju. Kila kukipambazuka nawakuta wamejazana juujuu ukingoni, hata ukiwashika hawaruki. Maji yamekuwa kijani kizito. Nimwage chokaa au ninunue dawa? Chakula wanapata cha kutosha.

Baharia Mstaafu: Wapike na nazi, tatizo kwisha.

Bi Kidagaa: Wanakosa hewa. Mwani mchana unatoa oksijeni, usiku unaivuta, alfajiri inabaki kidogo mno. "Cha kutosha" ndiyo kiasi gani?

Mkaa Mkokoni: Cha kawaida tu.

Bi Kidagaa: Kawaida ipi, mwanangu?

Mkaa Mkokoni: Peleti. Na jioni ndoo kadhaa za utumbo na vichwa vya samaki, shemeji ananiletea bure kutoka mnadani. Peleti bei mnaijua? Na mzigo mwingine keshaupakia, nitamwambiaje arudishe? Maji yenyewe nimebadilisha juzi, nilifungua lango mpaka bwawa likajaa.

Mzee Maadili: Mmekata mikoko mingapi kupata hilo bwawa?

Mkaa Mkokoni: Hapa palikuwa shamba la chumvi, mzee.

Sato Mwanza: Mimi sato walikufa kizimba kizima usiku mmoja. Shemeji zangu walikula wiki nzima, pole hata moja sikupewa.

Bi Kidagaa: Wasichokula kinazama, kinaoza, kinatoa amonia. Chokaa ya kupakia nyumba usiiguse sasa: inapunguza uchachu wa maji, yaani pH inapanda, na pH ikipanda amonia inazidi kuwa sumu. Chota udongo wa katikati ya bwawa. Ukiwa mweusi na unanuka yai viza, ndio unaokula hewa yako. Simamisha kulisha kwa siku mbili. Ukirudia, peleti kidogo kwenye sinia la wavu. Ukiliinua baada ya saa mbili zikabaki, punguza. Ukishavuna, ondoa tope, kausha mpaka udongo upasuke, ndipo uweke chokaa.

Jicho la Feri: Ngojeni. Juzi mwezi ulikuwa nusu, maji mafu, bahari haijai sana. Lango gani linajaza bwawa maji mafu? Chai hii. Kesho ataleta namba ya muuza dawa.

Mkaa Mkokoni: Nilisaidia na pampu.

Jicho la Feri: Pampu imezaliwa leo?

Bi Kidagaa: Mwacheni. Udongo umeutazama?

Mkaa Mkokoni: Mweusi. Unanuka. Lakini shemeji kafika na ndoo zake.

Baharia Mstaafu: Utumbo lete kwangu, nina bata.

Jicho la Feri: Picha ya pampu kwanza.