Kikundi cha ukoo: Indian ya 1996 au ile ya pili?

Shangazi Rehema: Jamani, Jumamosi tunaonyesha filamu ipi? Watoto wanataka Indian 2.

Salim: Shikamoo dada. Tuanze na ya kwanza, ya 1996, ile ya mzee Senapathy anayewaua wala rushwa. Mwongozaji Shankar, muziki A. R. Rahman. Kwa Kihindi inaitwa Hindustani, wengi humu mnaijua kwa jina hilo. Urefu wake unazidi saa tatu, kwa hiyo saa kumi na mbili jioni iwe imeshaanza, la sivyo wadogo watalala kabla ya lile tukio la mwisho la uwanja wa ndege.

Shangazi Rehema: Marahaba. Kihindi au Kitamil?

Salim: Kitamil chenye maandishi chini, maana midomo inafuata Kitamil. Maandishi yakichelewa kwa kiasi kilekile tangu mwanzo, kwenye VLC, ile programu ya kuchezea video, bonyeza G yatangulie. Yakiwahi, bonyeza H. Lakini yakizidi kuachana na sauti kadiri filamu inavyosonga, ujue yalitengenezwa kwa toleo lenye kasi nyingine, picha 25 kwa sekunde badala ya 24. Hapo G na H hazitasaidia, tafuta mengine.

Neema: Mjomba, mzee Senapathy na mwanawe Chandru wanaigizwa na mtu mmoja kweli?

Hamida: Ndiyo mwanangu, wote ni Kamal Haasan, na alipata Tuzo ya Taifa ya India ya mwigizaji bora. Uso wa mzee ni kazi ya Michael Westmore wa Marekani. Kazi ya namna hiyo huanza kwa kuchukua umbo la uso, makunyanzi yanafinyangwa juu yake, kisha vinamiminwa vipande vya kubandika. Ugumu uko kwenye kingo: lazima ziwe nyembamba mno zizame kwenye ngozi. Jasho likiingia chini gundi inaachia, ndiyo maana joto ni adui. Tazameni pembe za mdomo anapozungumza.

Neema: Na vile vidole anavyompooza mtu navyo?

Hamida: Varma kalai, sanaa ya kusini mwa Tamil Nadu. Inahesabu sehemu 108 za mwili: 12 kubwa na 96 ndogo. Mwalimu wake, asan, hufundisha pia kutibu, si kuumiza tu.

Baba Twaha: Mimi nashikilia lile basi. Chandru anakula mlungula, anapitisha basi lenye breki mbovu, watoto wa shule wanakufa. Hilo halina chumvi. Bitana, zile zinazosugua ndani ya breki, zikiisha au zikipata moto sana, breki hazishiki hata ukikanyaga mpaka sakafuni. Na kwenye breki za mafuta, bomba likivuja pedali inazama tu. Mkaguzi anayevua gurudumu huona yote hayo. Anayegonga muhuri akiwa mezani haoni kitu.

Salim: Kweli kaka. Nguvu ya filamu iko hapo. Kasthuri, binti wa Senapathy, anaungua, daktari anataka chai kwanza, baba anakataa kutoa, binti anakufa. Kila rushwa ina dirisha lake, bei yake na maiti yake. Ndipo mzee anapomhukumu hata mwanawe wa kumzaa, nawe unaelewa kwa nini hawezi kumsamehe.

Neema: Sasa ya pili ina kasoro gani?

Salim: Ilitoka Julai 2024, nayo karibu saa tatu, baada ya kutoka ilipunguzwa kama dakika 12. Wala rushwa wanapita mmoja baada ya mwingine na majumba yao ya dhahabu, lakini aliyeumizwa hujakaa naye ukamjua. Senapathy kwa hesabu amepita miaka 100 na bado anaruka. Wazo moja zuri limo: vijana wanaambiwa waanze kufichua wezi wa nyumbani kwao, na nyumba zinavunjika. Hilo peke yake lilitosha filamu nzima. Halafu inaishia njiani, ikingoja sehemu ya tatu.

Baba Twaha: Basi ya kwanza. Spika niletee mimi, za runinga hazitoshi kwa nyimbo za Rahman.

Shangazi Rehema: Sawa, saa kumi na mbili kamili. Hamida, wadogo wasione pale hospitalini, wapeleke jikoni.