Naomba ushauri: asili ya neno Firdausi niiandike vipi?

Mwandishi_Chipukizi: Naandaa makala ya jarida la chuo kuhusu maneno ya dini yaliyoingia katika Kiswahili, na nimekwama kwenye Firdausi. Kamusi yangu inasema ni Kiarabu, mhariri anataka niandike Kiajemi, nami nimekutana na umbo *paridaiza-, lenye kinyota mbele yake. Kinyota hicho kina maana gani, na nifuate upande upi?

Mzee_wa_Isimu: Ndugu, kinyota kinaonyesha kwamba umbo hilo halijaonekana katika maandishi yoyote ya lugha husika, bali wanaisimu wamelijenga upya kwa kulinganisha lugha. Limeundwa na *pari-, yaani kuzunguka, na *daiza-, ukuta wa udongo uliorundikwa. Kwa hiyo mwanzoni halikutaja bustani wala raha yoyote. Katika Avesta, maandiko matakatifu ya dini ya Zoroasta, pairidaēza ni uzio anamotengwa mtu aliyebeba maiti peke yake, na hiyo si pepo hata kidogo. Sauti z ndiyo inayowafanya wanaisimu walihesabu kuwa la Kimedi, lugha ya Wamedi, majirani wa Waajemi wa kale, kwani Kiajemi cha Kale kingekuwa na d mahali hapo, kama katika didā, yaani ngome. Wakubwa wa Uajemi walipozungushia kuta bustani za matunda na mbuga za kuwindia, jina la ukuta likahamia kwenye kilichomo ndani. Xenophon, mwandishi Mgiriki wa kale, aliiita paradeisos mbuga ya Koreshi Mdogo, mwana wa mfalme wa Uajemi, huko Celaenae, Waebrania wakawa na pardes, Waarmenia partez, na waliofasiri Torati kwa Kigiriki wakalitumia kwa bustani ya Edeni, ambako ndiko lilikopatia hadhi yake ya kidini.

BintiSarufi: Mhariri wako asiandike Kiajemi hivi hivi. Sisi tumelipata kutoka Kiarabu, firdaws, lililomo katika sura za Al-Kahf na Al-Muuminun, na Waajemi nao walilipokea umbo hilo hilo kwa Waarabu, likazaa hata lakabu ya mshairi Ferdowsi. Mrithi wa nyumbani katika Kiajemi ni pāliz, bustani ya mboga na matikiti!

Mwandishi_Chipukizi: Ahsanteni sana. Na Waarabu walilitoa wapi?

Mzee_wa_Isimu: Wataalamu hawajaafikiana: wapo wanaotaja Kigiriki, wapo wanaotaja Kisiria, tawi la Kiaramu, na wapo wanaoona lilitoka Kiirani, yaani ukoo wa lugha wenye Kiajemi na Kimedi, moja kwa moja. Andika «Kiarabu, kutoka asili ya Kiirani cha kale», na ukilitaja umbo *paridaiza-, kinyota usikiondoe.